Pamba, Baridi na Mlima: Nani Ana Haki ya Kusema "Turudi"?

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 mama yangu alinipigia simu kutoka Kalemela. Alikuwa amesikia redioni kwamba alfajiri ya siku hiyo sehemu ya Mlima Hanang ilishuka na kuifukia mitaa ya Katesh na vijiji vya jirani kwa tope, mawe na magogo. Hakuniuliza wamekufa wangapi. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, wewe umesoma. Mlima unashukaje?"

Ndugu msomaji, swali hilo lina uzito wake ukijua linatoka wapi. Kalemela ni kata ya Wilaya ya Busega, katika Mkoa wetu wa Simiyu, kwenye nchi ya mbuga na mashamba inayotazamana na Ziwa Victoria. Kwetu ardhi hukaa pale ilipo. Kinachoshuka ni mvua, na mara mojamoja mvua ya mawe inayochanachana majani ya pamba. Baridi tunayoijua ni ile ya alfajiri za Juni na Julai, ambayo huondoka kwa kuota moto kidogo na kunywa uji. Mtu aliyekulia huko hana sababu ya kuamini kwamba mteremko unaweza kumfuata mtu kitandani, wala kwamba ubaridi wa hewa unaweza kumuua kijana mwenye afya, aliyeshiba, katika nchi iliyo jirani na mstari wa Ikweta.

Nilimjibu mama kisomi: mvua nyingi, udongo ulioshiba maji, mwamba dhaifu. Akashukuru, akakata simu. Lakini usiku ule sikulala, kwa sababu mlima na baridi yake vina deni langu la zamani, ambalo kwa miaka zaidi ya ishirini sikuwahi kulisimulia.

Mwaka 2001, nikiwa nimemaliza kidato cha sita, nilikwenda Moshi kwa ndugu wa baba aliyekuwa akiuza mitumba. Baba alikuwa mkulima wa pamba, na ni pamba iliyonilipia karo tangu kidato cha kwanza. Msimu ule fedha hazikutosha, nami nilihitaji akiba ya kuanzia maisha ya chuo. Ndugu yule alinitafutia kibarua cha upagazi katika Mlima Kilimanjaro. Mlimani wapagazi huitwa "wagumu", na mimi, mwana wa mkulima niliyezoea kubeba mizigo ya pamba kwa kichwa, nilijiona mgumu wa kutosha. Nilipanda kwa njia ya Machame na mzigo wa kilo 20 na ushee. "Ushee" huo siwezi kuutaja kwa hesabu, kwani mizani niliyopimiwa mimi ilikuwa macho ya aliyenikabidhi mzigo. Nilivaa fulana mbili, shati la mikono mirefu na suruali ya jinzi. Vyote vilikuwa vya pamba.

Siku ya tatu, tukitoka Shira kwenda Barranco, mvua ilitupata mahali pasipo na mti wala pango, nayo ikageuka kuwa theluji ya majimaji. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo hakuna aliyewahi kutufundisha Usukumani, tunakoiita pamba dhahabu nyeupe. Pamba kavu humpa mtu joto kwa sababu hushika hewa kati ya nyuzi zake. Ikilowa, hewa hutoka na maji huchukua nafasi yake, na maji hunyonya joto la mwili kwa kasi inayokadiriwa kuwa mara 25 ya hewa. Ile pamba iliyonisomesha ilikuwa imegeuka kuwa kitambaa cha maji baridi kilichonikumbatia mwili mzima.

Kwanza nilitetemeka hadi meno yakagongana. Kisha nikaanza kujikwaa. Kisha kutetemeka kukakoma, nami nikafurahi, nikidhani nimezoea. Leo najua kwamba hiyo ndiyo ishara ya kutisha kuliko zote. Mwili wa binadamu hufanya kazi katika nyuzijoto 37. Joto la ndani likishuka chini ya 35, mtu yuko hatarini. Likikaribia 32 na kushuka zaidi, kutetemeka hukoma kwa kuwa mwili umeishiwa nguvu, na akili huanza kudanganya. Wapo ambao huhisi joto kali na kuvua nguo katikati ya theluji. Mzee mmoja wa Kibosho, mpagazi mwenzetu tuliyemwita Meku kwa heshima, aliniona ninavyotembea. Akatua mzigo wake, akanishika bega, akaniuliza: "Kijana, mama yako anaitwa nani?" Nililijua jina la mama yangu. Nililitafuta mdomoni na sikulipata.

Meku hakusubiri ruhusa ya mtu. Alinivua nguo zote pale pale chini ya turubai, akanilaza juu ya magunia makavu ili ardhi isininyonye, akanifunika kwa blanketi lake na kujilaza kando yangu. Mtu mmoja alileta chupa ya pombe kali. Meku akamzuia, akasema itanidanganya. Mwingine alitaka kunisugua mikono na miguu, akamkataza pia. Nilipoweza kumeza, alinipa chai ya sukari nyingi, kidogo kidogo. Baadaye nilisoma vitabuni kwamba kila alichokifanya kilikuwa sahihi. Pombe hutanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, mtu akahisi joto ilhali joto lenyewe linamtoka; na kumsugua au kumhamisha kwa papara mtu aliyepoa sana kunaweza kuuvuruga moyo. Mzee yule alikuwa na darasa zima kichwani. Hakuwa na cheo chochote cha kumwamuru kiongozi wa msafara asimame.

Safari yangu ya pili ndiyo yenye deni. Meku hakuwamo. Tulilala kambi ya Barafu, juu ya mita 4,600, usiku wa upepo. Wapagazi wa kundi letu tulibanana katika hema moja. Usiku wa manane kijana wa kundi jingine alikuja mlangoni, akasema kwa sauti ya chini kwamba hema lao limelowa, akaomba nafasi. Hakuna aliyejibu. Ungeweza kudhani sote tumelala. Mimi nilikuwa macho. Nilijua maana ya kulowa mahali pale kuliko mtu yeyote ndani ya hema lile, kwa kuwa wiki mbili tu zilikuwa zimepita tangu nishindwe kulitaja jina la mama yangu. Nikanyamaza, kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo, kwa sababu nilikuwa mgeni, na kwa sababu nilikuwa nimeanza kupata joto.

Asubuhi alikutwa kando ya mwamba. Alishushwa kwa machela ya gurudumu moja, amefunikwa turubai. Nilisikia wakisema ni malaria. Jina lake sikulijua wakati ule na silijui hadi leo.

Miaka kumi baadaye nilikwenda Tromsø, kaskazini mwa Norway, kwa masomo ya uzamivu. Ni mji ambao jua halichomozi kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari, na milima yake huanzia karibu na milango ya nyumba. Huko niliikuta baridi ikizungumzwa kama sisi tunavyozungumza bei ya pamba: kila siku, kwa takwimu, na kila mtu ana hoja. Machi 2012, nikiwa bado mgeni, poromoko la theluji katika mlima uitwao Sorbmegáisá, mashariki mwa Tromsø, liliua watalii watano. Mwaka uliofuata nchi ile ilianzisha huduma ya taifa ya kutoa tahadhari za maporomoko ya theluji kila siku wakati wa majira ya baridi.

Mwenzangu wa ofisini, mwanamama aliyekulia huko, alinipeleka siku moja kunionyesha tahadhari hizo zinahusu nini. Alichimba shimo kwenye theluji kwa koleo na kunionyesha tabaka zake, kama mtaalamu wa udongo anavyoonyesha ukuta wa shimo shambani. Chini kabisa palikuwa na tabaka la chembe zilizolegea mithili ya sukari. Alinieleza kwamba baridi kali ndiyo iliyolitengeneza: hewa inapokuwa baridi mno juu na ardhi ikabaki na joto kidogo chini, mvuke husafiri ndani ya theluji na kuzigeuza chembe zake kuwa punje zisizoshikana. Upepo ukileta theluji mpya juu ya punje hizo na kuishindilia, unapata bamba gumu lililolala juu ya sukari. Mteremko ukiwa kati ya nyuzi 30 na 45, uzito wa mtu mmoja unaweza kutosha kuivunja sukari hiyo, na bamba zima likaondoka. Katika ajali nyingi za watembezi wa milimani, anayeliamsha poromoko ni mhanga mwenyewe au mwenzake.

Kisha akanieleza habari ya muda. Aliyefukiwa akifukuliwa ndani ya dakika 15 hivi, aghalabu huwa hai. Ikipita nusu saa, matumaini huwa yameporomoka, kwa maana theluji iliyosimama hukaza kama saruji na pumzi huisha. Kwa sababu hiyo helikopta mara nyingi huwa imechelewa kabla ya kuruka. Mwokozi ni yule uliyetembea naye. Kila mmoja hubeba kifaa cha mawimbi ya redio cha kumtafutia aliyefukiwa, ufito mrefu wa kuchokolea theluji, na koleo.

Hayo yote niliyaandika daftarini. Lakini kilichonikaa moyoni hakikuwa kifaa. Kabla hatujaondoka nyumbani alikuwa amenisomea daraja la hatari la siku hiyo, katika kipimo cha 1 hadi 5 kinachotumika Ulaya, akaniambia kwamba watu wengi hufa katika daraja la 3, ambapo hatari ni ya kweli ila bado haitishi. Akaongeza sharti lao: yeyote katika kundi akisema "turudi", kundi hurudi. Hadaiwi sababu. Hata awe mgeni asiyejua lolote, neno lake linatosha. Nilitembea naye kurudi mjini bila kusema chochote. Nilikuwa nikimwona yule kijana mlangoni pa hema.

Naomba nieleweke. Sisemi kwamba Norway ni pepo. Tarehe 2 Januari 2019, nikiwa nimekwisharejea nyumbani, nilisoma kwamba vijana wanne, Wafini watatu na Mswidi mmoja, walikufa kwa poromoko katika bonde la Tamok, si mbali na pale nilipokuwa naishi. Tahadhari haiondoi kifo. Inachofanya ni kugawa maarifa, na pamoja na maarifa hayo inagawa haki ya kukataa. Swali langu la leo ni la kisiasa kuliko kuwa la kijiografia: katika nchi yetu, nani anayo haki hiyo?

Wapo watakaosema kwamba theluji si hadithi yetu. Historia inawakanusha. Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann alipokiona kilele cheupe cha Kilimanjaro, mwongozaji wake Mwafrika alimwambia kwamba kile cheupe ni baridi tu. Wasomi wa London walibishana kwa miaka mingi kama theluji yaweza kuwapo karibu na Ikweta. Wenyeji walikuwa na ushahidi wa aina nyingine. Rebmann aliandika masimulizi ya mtawala wa Machame aliyetuma watu kwenda kuchunguza ule weupe, pengine ni fedha. Karibu wote walipotea, na aliyerudi alirudi na mikono na miguu iliyoharibiwa na baridi. Elimu ya hatari ya mlima ule ilikuwapo kabla ya vitabu, na ilinunuliwa kwa miili ya waliotumwa. Aliyewatuma alibaki chini.

Ni kweli kwamba Kilimanjaro haina maporomoko makubwa ya theluji kama ya Norway. Theluji yake ni chache, na barafu iliyopimwa mwaka 1912 imekwishapungua kwa zaidi ya asilimia 80. Lakini kupungua huko kuna hatari zake. Januari 2006, kwenye njia ya Western Breach, mawe yaliporomoka na kuwaua wapandaji watatu raia wa Marekani. Barafu ni gundi ya mawe. Ikiyeyuka, kilichoshikwa huachiliwa. Njia ile ilifungwa na kuchunguzwa kabla ya kufunguliwa tena. Ndivyo ilivyopaswa. Najiuliza tu kama kifo cha kijana aliyekutwa kando ya mwamba wa Barafu kiliwahi kufunga hata hema.

Sasa rudi nami Hanang. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetabiri mapema kwamba mvua za vuli za mwaka 2023 zingezidi wastani katika maeneo mengi kwa sababu ya El Niño, na zikazidi. Serikali ilieleza baadaye kwamba sehemu ya mlima ilinyonya maji hadi ikashindwa kujishikilia. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Rais alikatiza safari yake ya Dubai, alikokuwa kwenye mkutano wa tabianchi, akarejea nyumbani. Misaada ilitoka kila pembe. Hatukupungukiwa huruma. Tulichopungukiwa ni kiungo cha katikati, kwa maana utabiri wa mvua si utabiri wa mteremko. Mkulima wa kando ya mlima akiambiwa "mvua kubwa" hufikiria mbegu. Ili afikirie kuwaamsha watoto usiku na kuondoka, lazima awepo mtu anayeutazama mlima wenyewe, mwenye kipimo cha mvua mkononi na idhini ya kupiga mbiu bila kusubiri barua.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa hadi ngazi ya chini kabisa. Ni jambo jema. Ila kamati isiyo na kipimo, isiyo na mafunzo na isiyo na ruhusa ya kukosea ni orodha ya majina tu. Nasema ruhusa ya kukosea kwa makusudi. Mtendaji wa kijiji akiwahamisha watu mara mbili na mlima usishuke, ya tatu atachekwa, na pengine ataulizwa na wakubwa zake kwa nini analeta taharuki. Atajifunza kunyamaza, kama nilivyojifunza mimi ndani ya hema. Kule kaskazini kundi linaporudi na poromoko lisitokee, hakuna anayemdai fidia aliyesema "turudi".

Kuhusu wapagazi, haki inanitaka nikiri kwamba mambo yamesogea. Mizigo hupimwa malangoni, ukomo wa kilo 20 unajulikana, na tangu mwaka 2003 upo mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro unaowaazima nguo za mlimani bila malipo. Lakini mpagazi anayeogopa kukosa safari ijayo bado hawezi kusema amelowa. Nataka mambo matatu, na si makubwa. Mpagazi asiyekuwa na nguo kavu za kulalia awe na haki ya kukataa kupita lango bila kupoteza kazi. Kila kifo mlimani, cha mgeni au cha mbebaji, kichunguzwe na kitangazwe kwa jina na kwa sababu halisi. Na maarifa ya akina Meku yafundishwe rasmi na yapewe mamlaka, ili anayejua aweze kusimamisha msafara.

Nilikwenda Kalemela Krismasi ile. Jioni moja, tukiwa tumekaa uani, nilimsimulia mama habari ya Barafu kwa mara ya kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, akichambua mchicha bila kuinua macho. Alipomaliza fungu lake aliniuliza kama mama wa yule kijana aliambiwa ukweli. Nikamwambia kwamba nadhani aliambiwa ni malaria.

"Basi hajui," akasema, akaingiza mchicha ndani.